Vitamutamu vya Ufaransa na Kusini mwa Marekani (2): Yai na Moto wa Taratibu

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kukanda ganda la pai kwa unga, siagi na maji baridi. Leo tunaingia kwenye mayai na maziwa, ufundi mmoja unaobeba kitamutamu cha Kifaransa na pai ya watu Weusi wa Kusini mwa Marekani.

Tuanze na crème caramel. Yeyusha sukari gramu 100 kwa vijiko viwili vya maji mpaka iwe na rangi ya asali, uimimine upesi kwenye bakuli la kuokea. Pasha moto nusu lita ya maziwa yenye vanila. Koroga mayai manne na sukari gramu 80 bila kutoa povu, ongeza maziwa kidogo kidogo, chuja, kisha mimina juu ya sukari iliyoganda. Weka bakuli ndani ya trei yenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake, uoke kwa nyuzijoto 160 kwa dakika 45 hivi.

Maji hayo yana kazi. Protini ya yai hushikana na kugandisha maziwa kwenye nyuzijoto 80 hivi. Joto likizidi, hukazana na kukamua maji, pudini ikakatika na kujaa vitundu. Maji ya trei hayapiti nyuzijoto 100, hivyo huikinga. Epua katikati ikiwa bado inatikisika kidogo, kisha iache kwenye friji usiku kucha ili sukari ya chini iyeyuke iwe mchuzi.

Pai ya viazi vitamu hufuata kanuni hiyohiyo. Katika mashamba makubwa ya Kusini, wapishi wengi walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, na mikono yao ndiyo iliyoijenga pai hii. Abby Fisher, aliyezaliwa utumwani South Carolina, hakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia mapishi yake yakaandikwa, na kitabu kikachapishwa San Francisco mwaka 1881. Pai yake ya viazi vitamu ina maji ya chungwa na ganda lake lililokunwa.

Nyumbani, chemsha viazi gramu 500, viponde vikiwa moto pamoja na siagi gramu 60. Changanya na sukari gramu 150, mayai mawili, maziwa ya kopo mililita 200, kungumanga na maji ya nusu chungwa. Mimina kwenye ganda la pai, oka kwa nyuzijoto 180 kwa dakika 50 hivi. Hapa trei ya maji haihitajiki, kwa kuwa wanga wa viazi huzuia yai lisikatike upesi.

Basi mpishi asiitegemee saa peke yake. Atikise bakuli na kutazama katikati. Akilijua hilo, vitamutamu vyote viwili viko mikononi mwake. Wiki ijayo tutaeleza maandazi ya New Orleans yaitwayo beignets.