Kufundisha Momenta: Tusianze na Kanuni

Katika somo la momenta, wanafunzi wengi hupewa kanuni kabla ya kuliona jambo ambalo kanuni hiyo inalieleza. Matokeo yake ni kwamba huzidisha tarakimu bila kujua wanazidisha nini. Katika makala haya tunapendekeza utaratibu mwingine.

Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliiita momenta "wingi wa mwendo". Maneno hayo yafaa kuanzia. Wanafunzi wa kata ya Kalangalala, mjini Geita, huona pikipiki na malori barabarani kila siku. Basi mwalimu na aulize: kipi ni kigumu zaidi kukisimamisha, pikipiki iendayo kilometa 36 kwa saa, au lori liendalo kilometa 18 kwa saa? Wajadiliane kwanza, ndipo wakokotoe.

Tuchukue kwamba pikipiki pamoja na watu wake ni kilogramu 240, na lori ni kilogramu 12,000. Kasi sharti igeuzwe kuwa mita kwa sekunde, kwa kuigawa kwa 3.6. Tunapata 10 kwa pikipiki na 5 kwa lori. Momenta ni tungamo mara kasi, yaani:

Pikipiki: 240 × 10 = 2,400 kg m/s
Lori: 12,000 × 5 = 60,000 kg m/s

Lori lina kasi nusu ya ile ya pikipiki, lakini momenta yake ni mara 25. Likitakiwa kusimama katika muda ule ule, lahitaji kani mara 25. Mtoto avukaye barabara anahitaji kulijua hili hata nje ya mtihani.

Ugumu mkubwa zaidi ni mwelekeo. Vitengenezwe vigari viwili vya mbao vyenye kubebeshwa kokoto, kimoja kilogramu 3 na kingine kilogramu 2, na mbele yake pabandikwe udongo laini wa mfinyanzi ili vinase vikigongana. Cha kwanza kikienda mita 2 kwa sekunde, na cha pili kikija mita 3 kwa sekunde kutoka upande wa pili, asahauye mwelekeo ataandika:

(6 + 6) ÷ 5 = 2.4 m/s

Azingatiaye mwelekeo ataandika:

(6 − 6) ÷ 5 = 0

Kadiri kasi hizo zitakavyokaribiwa, ndivyo vigari vitakavyokaribia kusimama papo hapo. Hapo mwanafunzi atajisahihisha mwenyewe, na alama ya kutoa itakuwa na maana kwake.