MTOTO MWENYE MTINDIO WA UBONGO ASINGOJWE MPAKA VIUNGO VIKAKAMAE

Wazazi, walezi, masheha na wafanyakazi wa vituo vya afya wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba mtoto aliyepatwa na mtindio wa ubongo anahitaji kuonwa na mtaalamu katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, wala si pale anapofikia umri wa kwenda skuli. Wapo wanaofikishwa vituoni wakiwa na miaka minne au mitano, magoti yamejikunja na nyonga zimekazana. Hapo kazi ambayo ingalifanywa kwa upole na mikono ya mama huweza kuwa imekwishageuka kazi ya kisu cha daktari.

Mtindio wa ubongo si maradhi ya kuambukiza, wala si kazi ya shetani au jicho la hasidi. Ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kudhurika ungali unakua, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo. Madhara hayo hayazidi kadiri siku zinavyokwenda, lakini hayafutiki. Kinachovurugika ni amri ambayo ubongo huipeleka kwenye misuli. Ndiyo maana mtoto mmoja huwa mkavu kama ubao, mwengine akawa mlegevu, na wa tatu viungo vyake vikacheza bila ya hiari yake. William John Little, daktari wa upasuaji wa London katika karne ya 19, aliihusisha hali hii na uzazi mgumu. Leo inafahamika kuwa sababu ni nyingi zaidi: kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kuchelewa kuvuta pumzi, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, na umanjano mkali uliopuuzwa. Mtoto anayeonekana wa manjano katika siku yake ya kwanza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili huonekana siku ya kupima uzito, ikiwa muuguzi ataangalia zaidi ya mizani. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo yake haijakaza, ngumi zake hazifunguki, au miguu yake hupishana kama mkasi anapoinuliwa, aandikiwe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Vivyo hivyo yule asiyeweza kukaa peke yake akiwa na miezi tisa, na yule anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Mama akisema "mwanangu si kama wenziwe," asijibiwe kwamba atakua tu.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa urefu ni kulisha, kwa kuwa ndipo uhai wa watoto hawa unapopotea kimya kimya. Desturi ya kumlaza mtoto chali mapajani na kummiminia uji ni ya hatari kwake. Chakula huingia njia ya pumzi, mtoto akakohoa, akapata homa ya mapafu mara kwa mara, na nyumba ikadhani kifua chake ni kibovu tangu asili. Mtoto akalishwe, kichwa kimeinama mbele kidogo, mgongo umeegemea mkono au kifua cha mlezi. Uji uwe mzito kiasi cha kutotiririka kijikoni. Kijiko kiwe kidogo, kiingizwe kwa mbele wala si kwa juu, na mlezi angoje mpaka mtoto ameze. Huchukua muda mrefu, na mama mwenye watoto wengine na jiko la kuni hawezi kuyafanya haya peke yake kila mlo. Baba, bibi na shangazi nao wajifunze.

Katika kubeba, mila yetu inasaidia. Mtoto mwenye miguu ya mkasi akibebwa kwa kanga mgongoni, au ubavuni miguu imetanuka, nyonga zake hupata mazoezi ambayo hayahitaji chombo chochote. Mchana akalishwe pembeni mwa chumba, kuta mbili zikimshika, awaone watu na asemeshwe. Wako wengi miongoni mwao ambao akili zao ni timamu, isipokuwa ulimi haufuati. Mtu anayemwita mtoto wa namna hiyo zezeta mbele yake aelewe kwamba huenda anasikia kila neno.

Mwenye kifafa atumie dawa kila siku, wala zisikatishwe ghafla kwa kuwa degedege limetulia. Chanjo apewe kama wenziwe. Kumwombea dua ni jambo jema na hakuna anayelizuia, ila hirizi haimkalishi mtoto wima wakati wa kula.

Tamko la Alma-Ata la 1978 liliweka utengemao ndani ya huduma za msingi za afya, sambamba na kinga na tiba. Kwa hivyo kituo cha afya hakitimizi wajibu wake kwa kusema kwamba hali hii haina dawa. Masheha wanaombwa kuzijua nyumba zenye mtoto asiyetolewa nje, na kuwashauri wazee wake kwa staha wamfikishe kituoni siku ya kupima uzito, pamoja na kadi yake, hata kama umri wa kupimwa umempita.