Rafadha ya Chuma Kisichoshika Kutu: Nani Ainunue na Nani Aiache



Katika kata zetu zilizo kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Nkome hadi kisiwani Izumacheli, injini ndogo ya kupachika nyuma ya boti ni nyenzo ya kila siku. Ndiyo inayowapeleka wavuvi wa dagaa usiku na kuwarejesha alfajiri, ndiyo inayovusha mihogo, mkaa na bidhaa za dukani, na mara nyingi ndiyo inayomwahisha mgonjwa wa kisiwani kwenye kituo cha afya. Hata hivyo, injini hiyo yote hutegemea kipande kimoja kidogo kilicho chini ya maji, yaani rafadha, ambayo wengi mialoni huiita propela.

Kwa kawaida injini hizi huuzwa zikiwa na rafadha ya alumini. Ikipinda au kuvunjika, mwenye chombo hukutana na ushauri wa aina moja madukani: nunua ya chuma kisichoshika kutu, maarufu kama stenlesi, kwa kuwa haivunjiki. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini haumfai kila mtu. Bei ya rafadha ya stenlesi ni kubwa kuliko ya alumini, na ikichaguliwa vibaya inaweza kuharibu injini yenye thamani kubwa zaidi kuliko yenyewe. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua na namna ya kutambua kasoro zake kabla hazijamwacha mtu katikati ya ziwa.

Namba mbili za kusoma kabla ya kulipa

Kila rafadha huwa na namba mbili zilizochorwa kwenye kitovu au ubavuni, kwa mfano 9¼ × 10. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake, kwa inchi. Namba ya pili huitwa hatua. Ni umbali, kwa inchi, ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu, mithili ya nati inavyopanda kwenye bolti.

Hatua kubwa hufaa chombo chepesi kinachotaka kasi, na hatua ndogo hufaa chombo kizito kinachotaka nguvu. Anayeendesha baiskeli au pikipiki yenye gia analifahamu jambo hili: mlima hupandwa kwa gia ndogo. Mtumbwi wa mbao uliojaa dagaa au abiria ni mlima wa kudumu. Nahodha anayeufungia rafadha ya hatua kubwa ili aende kasi huilazimisha injini kupanda mlima kwa gia kubwa safari nzima.

Maji si kitu kigumu, hivyo sehemu ya mwendo hupotea kwa kuteleza. Tuchukue injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, ambayo gia zake huifanya rafadha izunguke nusu ya hapo, yaani mara 2,500. Rafadha ya hatua ya inchi 10, sawa na sentimita 25.4, ingepaswa kusonga mita 635 kwa dakika, ambazo ni takriban kilomita 38 kwa saa. Chombo halisi hakifikii kasi hiyo, na kikiwa kizito hubaki nyuma zaidi. Kuongeza hatua peke yake hakuondoi pengo hilo.

Kipimo cha kweli ni mizunguko ya injini

Kitabu cha injini hutaja mizunguko inayotakiwa kwa dakika pale mafuta yanapofunguliwa yote. Kwa injini nyingi ndogo kiwango hicho huwa kati ya 4,500 na 6,000, lakini fuata kitabu cha injini yako. Fundi mwenye kipima mizunguko kinachowekwa kwenye waya wa plagi anaweza kukupimia kwa dakika chache.

Pima chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida. Boti ya dagaa hutoka ikiwa nyepesi na kurudi nzito, na ya abiria hubadilika kila safari, kwa hiyo kipimo cha boti tupu hakitoshi. Injini ikishindwa kufika kiwango cha chini ikiwa na mzigo halali, rafadha ina hatua kubwa mno. Ikipita kiwango cha juu ikiwa nyepesi, hatua ni ndogo mno.

Mafundi hukadiria kwamba kupunguza hatua kwa inchi 1 huongeza mizunguko ipatayo 200 kwa dakika, na kuiongeza hupunguza kiasi hicho hicho. Chukua injini inayotakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500. Ikiwa na rafadha ya hatua ya inchi 11 na mzigo wa kawaida inaishia 4,400, rafadha ya inchi 9 itaisogeza hadi karibu 4,800, nayo itafanya kazi ndani ya kiwango chake.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Injini inayolemewa siku baada ya siku hupata joto kupita kiasi, hujaza masizi, hula mafuta mengi, na hatimaye pistoni huharibika. Mwenye chombo hulaumu mafuta au fundi, kumbe chanzo kiko chini ya maji.

Stenlesi au alumini?

Stenlesi ina sifa tatu za kweli. Kwanza, ni ngumu zaidi, hivyo mapanga yake huweza kuwa membamba na kukata maji vizuri. Pili, hayapindi kirahisi injini inaposukuma kwa nguvu, hivyo umbo lake hubaki vile vile. Tatu, haimomonyolewi haraka na mchanga wa ufukweni.

Udhaifu wake unatokana na ugumu huo huo. Rafadha ya alumini ikigonga jiwe, panga hupinda au hukatika, na kwa kufanya hivyo hupokea sehemu kubwa ya kishindo. Ya stenlesi haikubali kupinda kirahisi. Ndani ya kitovu cha rafadha nyingi kuna bushi ya mpira iliyotengenezwa iteleze pigo linapokuwa kubwa, nayo husaidia, lakini kishindo kinachobaki hupanda kwenye ekseli na gia. Panga lililopinda hubadilishwa ufukweni kwa spana. Gia iliyovunjika huisimamisha kazi kwa majuma, na ikivunjika ziwani wakati upepo umeanza, jambo hilo huwa la uhai.

Kwa hiyo jiulize maswali manne kabla ya kununua:

1. Mwalo wako ni wa mawe au wa mchanga? Penye mawe na visiki, alumini ndiyo salama zaidi kwa gia zako. Penye kina na ufukwe wa mchanga, stenlesi inaweza kudumu muda mrefu.

2. Injini yako ina nguvu gani? Kwa injini ndogo kwenye mtumbwi mzito usiokwenda kasi, faida ya mapanga membamba ni ndogo mno kulinganisha na bei. Faida hiyo huonekana zaidi kwa injini kubwa kwenye boti nyepesi ya fiberi.

3. Hatua uliyonayo sasa ni sahihi? Kama si sahihi, rafadha ya alumini yenye hatua inayofaa itakusaidia kuliko ya stenlesi yenye hatua mbaya.

4. Utabaki na akiba? Kama fedha zinatosha rafadha moja ya stenlesi au mbili za alumini, anayefanya kazi mbali na nchi kavu achukue mbili za alumini, moja akae nayo chomboni.

Unapofika dukani, hakikisha idadi ya meno ya ndani ya kitovu inalingana na ekseli ya injini yako. Usitegemee sumaku kukuthibitishia, kwa sababu baadhi ya vyuma visivyoshika kutu huvutwa na sumaku na vingine havivutwi. Uzito husema zaidi: chuma hicho ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, hivyo iliyopakwa rangi ya kung'aa tu hujulikana mara unapoinyanyua.

Dalili za kasoro na la kufanya

Kabla ya kugusa rafadha kwa sababu yoyote, zima injini, iweke huru, chomoa kamba ya kuzimia na ondoa waya za plagi. Injini ndogo inaweza kuwaka kwa kuzungushwa rafadha kwa mkono, na panga la stenlesi hukata kidole bila shida.

*Injini inanguruma lakini chombo hakiendi.* Anza kwa kutazama kama kuna wavu au magugu maji yaliyojisokota. Kama hakuna, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kitovu na kwenye mapanga, kisha endesha. Mstari ukikatika, bushi ya mpira imelegea na inateleza. Rudi taratibu kwa mwendo mdogo, maana kuongeza mafuta huimaliza kabisa.

*Injini inapaa sauti ghafla chombo kinapokata kona au kupanda wimbi.* Rafadha inavuta hewa. Bamba lililo juu yake linapaswa kuwa usawa wa kitako cha chombo au chini yake kwa sentimita 2 hivi. Injini yenye mguu mfupi hufaa ubao wa nyuma wenye urefu wa takriban sentimita 38, na yenye mguu mrefu takriban sentimita 51. Mitumbwi mingi huchongwa bila kupima ubao huo, kisha rafadha hulaumiwa.

*Chombo kinatetemeka.* Zungusha rafadha polepole huku umeshika kijiti karibu na ncha za mapanga. Ncha moja ikipita mbali na kijiti kuliko nyingine, panga limepinda. Mapanga yakiwa sawa lakini kitovu kinayumba, ekseli ndiyo iliyopinda, na hapo anahitajika fundi.

*Oili ya gia ni nyeupe kama maziwa.* Maji yameingia. Mara nyingi uzi wa nailoni umejisokota nyuma ya rafadha na kukata sili. Nyavu za timba, ambazo zimepigwa marufuku, ni miongoni mwa wakosaji wakubwa. Fungua rafadha mara kwa mara, toa nyuzi, paka grisi kwenye ekseli na uirudishe ikiwa na pini mpya.

*Mchirizi wa maji ya kupoza umekatika.* Zima mara moja. Magugu maji huziba matundu ya kuingizia maji sambamba na kuzonga rafadha, na injini isiyopozwa huungua kwa dakika chache.

Tahadhari kuhusu kuchomelea

Mkoa wetu una mafundi hodari wa kuchomelea, waliobobea kwa kutengeneza karasha na mitambo ya wachimbaji wadogo. Ustadi huo usihamishiwe moja kwa moja kwenye rafadha. Stenlesi iliyochomelewa kwa fimbo ya chuma cha kawaida hushika kutu penye kovu na kupasuka. Hata ikichomelewa kwa fimbo sahihi, kila panga lazima lirudi kwenye umbo na uzito sawa na mengine, la sivyo mtetemo utaharibu beringi na sili. Fundi asiye na kipimo cha kulinganisha mapanga asipewe kazi hiyo.

Mzigo na huduma zinazopatikana

Hakuna rafadha inayoweza kurekebisha mzigo uliozidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Nahodha anayeona injini yake haifiki mizunguko yake aanze kwa kuhesabu abiria na magunia.

Wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

Ushauri kuhusu vyombo vya uvuvi na leseni hupatikana kwa Afisa Uvuvi na kwa viongozi wa BMU wa mwalo wako. Usalama wa vyombo vya majini, vikiwemo vidogo, husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyohitaji injini au vipuri vyake vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aanziwe Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinapoandika mchanganuo wa injini, kiweke humo rafadha ya akiba, makoti ya kuokolea maisha na gharama ya matengenezo. Injini iliyosimama kwa kukosa kipuri hairejeshi mkopo.

Kabla ya kung'oa nanga, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hakikisha chombo kina makasia, rafadha ya akiba, nati, pini, spana, kisu cha kukatia nyavu, na koti la kuokolea maisha kwa kila aliyemo. Likitokea la kutokea, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Polisi.