Kilichobaki Baada ya Sahihi

Kwa vizazi kadhaa, barua ya mwanafunzi wa bweni kwa wazazi wake Muthara, huko Tigania, imefuata mkondo ule ule. Anwani huwa pembeni kulia, tarehe chini yake, kisha salamu ndefu: natumaini hamjambo nyumbani, nami huku ni buheri wa afya. Hufuata habari za masomo, swali kuhusu mvua, ng'ombe na shangazi. Mwishowe, "Ni mimi mwanenu mpendwa", na jina. Chini ya jina kuna herufi mbili, P.S., na sentensi moja: viatu vimetoboka. Mzazi mzoefu huanza kusoma hapo.

Herufi hizo ni kifupisho cha Kilatini, post scriptum, yaani kilichoandikwa baadaye. Ukikumbuka jambo jingine tena, unaongeza post moja mbele na kuandika P.P.S. Wanafunzi wengi huandika N.B. mahali pake, lakini hiyo ni nota bene, "zingatia vyema", na inaweza kukaa popote katika maandishi. P.S. ina makao mamoja tu, chini ya sahihi.

Chanzo chake ni wino. Ukishatia sahihi, kurudi juu kuchomeka jambo ni kuchafua karatasi au kuandika upya barua nzima. Earogramu ilizidisha taabu hiyo. Ilikuwa karatasi moja nyepesi ya bluu, iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, na hukuruhusiwa kutia kitu ndani. Aliyekuwa masomoni ng'ambo alijikuta akizungusha P.S. pembezoni na juu ya mikunjo, hadi msomaji akalazimika kuigeuza barua mkononi. Telegramu ililipiwa kwa idadi ya maneno. Salamu zenyewe zilikuwa ghali, seuze nyongeza.

Hata hivyo, wino hauelezi habari ya viatu. Mtoto anayetembea na soksi nje hawezi kuvisahau, kisha akavikumbuka ghafla baada ya kuandika jina lake. Adabu ya barua zetu ndiyo iliyomchelewesha. Kutaja haja kabla ya kumaliza salamu ni sawa na kuomba unga ukiwa bado umesimama mlangoni. Basi haja husubiri hadi mwisho, ikajifanya jambo dogo lililosahaulika. Mwandishi Mwingereza Francis Bacon aliliona hilo karne ya 17. Katika insha yake juu ya ujanja anamtaja mtu aliyekuwa akiweka lile jambo kuu kwenye P.S., kana kwamba ni la kupitia tu. Mimi simwoni mtoto wa Muthara kuwa mjanja kwa maana hiyo. Ana haya.

Wafanyabiashara, wao, hawana haya. Hotmail ilipoanza mwaka 1996, mwekezaji Tim Draper alitaka kila barua pepe imalizike kwa P.S. ya kutangaza huduma hiyo bila malipo. Maneno ya tangazo yalibaki, herufi zikaachwa, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi watumiaji wakafika mamilioni.

Kuna pia P.S. ya mwandishi wa kuazimwa. Nyanya asiyejua kusoma humwita mjukuu, akatamka, mjukuu akaandika, na mara nyingi mjukuu hujipenyezea salamu zake mwenyewe. Ni desturi ya zamani. Katika Warumi 16:22, Tertio aliyemwandikia Paulo anajitokeza kusalimu kwa jina lake. Katika Wagalatia 6:11 mambo yamegeuka: Paulo mwenyewe ameshika kalamu, na anawaonyesha wasomaji ukubwa wa herufi zake.

Mahali ambapo P.S. haina nguvu ni kwenye wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inataka wosia wa maandishi uwe na sahihi au alama ya mwenyewe na mashahidi wasiopungua wawili. Badiliko linalofanywa baadaye nalo lazima litiwe sahihi na kushuhudiwa, la sivyo ni bure. Mzee wa Tigania anayeandika chini ya wosia wake, peke yake usiku, kwamba miti ya miraa ya shamba la juu apewe kitinda mimba, ameacha ombi tu. Kitinda mimba akienda nalo mahakamani, ndugu zake hawatakosa wakili wa kuuliza sahihi za mashahidi ziko wapi.