Nani Amwambie Nani Maafa Yanapotokea Lubumbashi?

Tarehe 4 Novemba 2025, bwawa la maji taka la kampuni ya madini ya CDM lilipasuka Lubumbashi, na maji yenye kemikali yakamwagika katika makazi ya watu upande wa Kasapa, komine ya Annexe. Waziri wa Madini, Louis Watum, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Adhabu ina mahali pake, lakini huja baada ya maji kupita. Katika saa ya kwanza ya ajali ya namna hii kuna swali jingine: nani amwambie mama mwenye kisima asichote? Kampuni ndiyo inayojua kilichomo majini. Regideso, shirika la maji, inajua mabomba yanakopita, zoni ya afya inajua wagonjwa wanaoingia hospitalini, na chefu wa kartiye anajua ni nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Kila mmoja ana kipande cha habari, na kipande kimoja hakiokoi mtu. Ndiyo maana naona kwamba maandalizi ya kwanza ya mji huu ni makubaliano ya nani anampa nani habari, kwa njia gani na kwa lugha gani. Vifaa vifuate.

Goma ilitoa ushahidi mwaka 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya Mei 22, na Mei 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame. Mamia ya maelfu wakashika njia za Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kwamba mlipuko mwingine umetokea, kisha ikakanusha baada ya ndege kuruka juu ya eneo hilo bila kuona mlipuko wowote. Watu waliolala nje, wakisubiri kujua kama warudi nyumbani, walipewa habari mbili zinazopingana, zote kutoka juu. Wataalamu hawakukosekana, wala wasemaji. Kilichokosekana ni hatua ya kuhakiki kati ya anayeona na anayetangaza.

Nairobi nayo inafundisha. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, polisi na wanajeshi waliingia bila uongozi mmoja, kamanda wa kikosi cha polisi akauawa kwa risasi za wenzake wa jeshi, na mzingiro ukachukua siku nne. Januari 2019, washambuliaji wa hoteli ya DusitD2 walikabiliwa na operesheni iliyoongozwa na polisi, ikamalizika katika muda usiofika saa 20. Mafunzo na uzoefu vilichangia pia, lakini kujua amri inatoka wapi kulikuwa sehemu ya tofauti hiyo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na WhatsApp inatosha. Simu hutegemea minara na umeme, vitu vinavyoweza kukatika siku ileile ya maafa. Na hata mtandao ukiwepo, uvumi husafiri kwa njia hiyohiyo pamoja na ukweli. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sauti moja ya serikali inaweza kutumika kuficha makosa, hasa pale kampuni tajiri inapohusika. Hofu hiyo ina msingi. Kwa sababu hiyo, kinachopaswa kuunganishwa ni meza ya kukusanya na kuhakiki habari. Midomo ya kuisema ibaki mingi, na Msalaba Mwekundu, wanaharakati wa mazingira na waandishi wawe na kiti mezani hapo. Na kuhusu fedha: kuandika orodha ya namba, kumteua msemaji na msaidizi wake, na kukubaliana masafa ya redio hakugharimu sawa na kununua magari ya zimamoto.

Lipo jambo la lugha pia. Komunike za ofisi hapa huandikwa kwa Kifaransa, ilhali sokoni na majumbani watu huongea Kiswahili. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa tangu 2002, kwa hiyo njia ipo. Onyo la dharura litungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, lisingoje mtangazaji alitafsiri akiwa hewani. Jimbo linaweza kuanza na zoezi moja kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, likiwakutanisha Ulinzi wa Raia, meya, zoni za afya, Regideso, shirika la reli SNCC na kampuni za madini. Na kampuni yoyote yenye bwawa la taka ishurutishwe kushiriki kabla ya kupewa au kuongezewa kibali.