Fokomelia: Sababu Siyo Hatia

Mtoto akizaliwa na viganja vilivyoota karibu na mabega, minong'ono huanza: mama yake alifanya nini? Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo mbele ya yule aliyezaliwa kipofu. Walichanganya sababu na hatia. Fokomelia hutokea mikono na miguu inapoumbika, kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, wakati akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Pengine hurithiwa kwa wazazi wasio na dalili yoyote. Ujerumani Magharibi, kuanzia 1957, sababu ilikuwa thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia kuzuia kichefuchefu cha wajawazito. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wameathirika. Mama zao walikuwa wameambiwa ni dawa salama.