Waliozama na Khedive Ismail: Udhuru wa Kamanda na Haki ya Wafiwa

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, katika mwezi wa Safar 1363, msafara wa meli tano za kuchukua askari ulikuwa karibu na visiwa vya Maldives, ukitoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail, kwa jina la mtawala wa Misri wa karne ya 19. Ilibeba watu wapatao 1,500: karibu 1,000 ni askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, na waliobaki ni mabaharia, maofisa na wauguzi wa kike. Mchana huo nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa topido mbili. Meli ikazama kabla ya dakika tatu kupita. Walikufa watu 1,297.

Yaliyofuata ndiyo yenye mzozo. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilirudi mahali pale. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa waliokuwa wakielea, mara ikabainika kwamba nyambizi imejificha chini yao. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, aliamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe hali watu wangali baharini. Baadhi ya walionusurika topido wakauawa na milipuko ya wenzao. Nyambizi ilizamishwa siku hiyohiyo.

Je, huo ni uhalifu wa kivita? Wanaomtetea kamanda husema meli nne zilizojaa askari zilikuwa bado hatarini. Wanaomlaumu husema aliyeokoka na kuzama hakustahili kuuawa na mwokozi wake.

Mwezi uliofuata, katika Bahari ya Atlantiki, nyambizi ya Kijerumani U-852 ilizamisha meli ya Kigiriki Peleus. Kamanda wake, Heinz Eck, aliamuru mabaki ya meli na maboya yapigwe risasi ili kufuta alama, na manusura walikuwa wameyashikilia. Mwezi wa Mei nyambizi hiyo ilikwama pwani ya Somalia, na mabaharia wake wakatekwa. Eck alishitakiwa Hamburg, utetezi wake wa dharura ya kivita ukakataliwa, na tarehe 30 Novemba 1945 akauawa kwa kupigwa risasi. Egan hakushitakiwa. Basi pana haki ya kuuliza: je, dharura ni hoja ya mshindi peke yake?

Wanazuoni wetu waliijadili mas'ala hii karne nyingi kabla ya nyambizi. Waliiita tatarrus, yaani adui kujikinga kwa mateka. Imamu Ghazali, katika Al-Mustasfa, aliweka masharti matatu mazito: iwe dharura ya kweli, pawe na yakini, na madhara yanayozuiwa yawe ya umma mzima. Kisha akatoa mfano wa jahazi linalozama: si halali kumtupa mmoja baharini ili wengine wapone. Kwa kipimo hicho, udhuru wa Egan si mwepesi kama watetezi wake wanavyodhani.

Hata hivyo, si insafu kumweka daraja moja na Eck. Huyu alielekeza risasi mahali ambapo wanyonge walikuwa wamejishikilia. Yule alimlenga adui aliyekuwa chini yao. Nia zinatofautiana, na hukumu hufuata nia. Lakini Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, inamwajibisha hata aliyeua bila kukusudia: ahli za marehemu wana diya yao, isipokuwa wasamehe wenyewe. Funzo liko hapo. Muuaji anaweza kuwa na udhuru, na wafiwa wakabaki na haki.

Majina ya wengi wa askari wale yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa bahari haikuwapa kaburi. Huku kwetu pia, kuanzia Moshi mjini hadi Machame na Rombo, zipo familia zinazomtaja babu aliyekwenda vita vya Burma, kisha maneno yanaishia hapo. Ndugu msomaji, maadamu wazee wangalipo, muulize jina lake kamili, jina la baba yake, na mwaka aliotoka nyumbani. Liandike katika daftari la familia, na siku ya khitma litajwe pamoja na ya marehemu wengine. Hiyo ndiyo haki ambayo sisi tunaweza kuilipa.